Simu Yangu na Gari ya Qais

Jumapili, 6 Juni 2004

Rawiya, una uso wewe? Miaka mitatu! Daftari hili uliniachia uwanja wa ndege, ukanambia mama andika mambo yako kila siku, nikija nitasoma mwenyewe. Utasoma lini, nikishazikwa? Maskati hakuna ndege za kurudi? Lilikuwa chini ya godoro hili daftari, na panya wameshaanza kulisoma kabla yako. Aibu kwako, si kwa panya.

Basi leo naanza. Naandika kwa herufi za Kiarabu, za chuoni, maana skuli sikupelekwa hata siku moja, na hizi nilizipata kwa bakora za mwalimu wa Kurani. Zina faida. Qais hazisomi vizuri, alikuwa mtoro wa chuo. Humu nitasema nitakalo.

Na habari yenyewe ni huyo huyo Qais. Mtoto wa marehemu kaka yako ni dereva sasa, mtu mzima wa miaka ishirini na nne. Anachukua watalii kwa Korola nyeupe, kuwatoa mjini mpaka mahoteli ya Jambiani. Gari njema. Dereva mwema. Ila ana simu!

Leo kanipakia kunipeleka Michenzani kumtazama mgonjwa. Njia nzima simu kaibana baina ya sikio na bega, shingo imepinda kama ya kuku aliyechinjwa vibaya. Mkono mmoja usukani, mmoja gia, mdomo unacheka na mtu wa hoteli. Kufika kwenye mzunguko, mbele yetu linakatiza gari la ng'ombe, limejaa mawe. Yeye haoni! Nkapiga ukelele. Kafunga breki. Baina ya pua ya gari na ubavu wa ng'ombe hupitishi chapati. Ng'ombe akageuza kichwa akanitazama mimi. Mimi! Kama kwamba ndimi niliyeshika usukani.

Qais kasema samahani bibi, ni mambo ya kazi. Halafu, naapa, kainama kaiokota simu iliyoanguka, kamwambia yule mtu: enhe, endelea.

Imekwisha. Simu na usukani vitaachana, na kadhi ni mimi.

Jumatatu, 7 Juni

Hila ya kwanza. Asubuhi kaingia kuoga, nkaichukua simu nkaizika kwenye pipa la mchele. Kina cha kiwiko. Nkakaa juu ya kifuniko, nachambua mchicha, sura ya mtu asiye na habari na dunia.

Qais kapekua nyumba nzima. Kainua magodoro. Katia mkono mpaka ndani ya viatu vya marehemu babu yake. Kaniuliza, bibi, hukuiona simu yangu? Nkamwambia mimi macho yangu yana mtoto wa jicho. Si uongo. Yanaye.

Mara akaingia Bi Mwanapili wa mlango wa pili. Unamkumbuka, yule ajuaye bei ya kila kitu ulichovaa. Mwanawe kamletea simu kutoka Dubai, anaivaa shingoni kwa kamba, juu ya buibui, kama hirizi. Kakaa. Hajamaliza salamu, mchele ukaanza kulia. Nkakohoa. Mchele ukaendelea. Nkaimba kaswida, yote, mpaka mwisho wake. Mchele ukanishinda pumzi. Mwanapili katega sikio, kasema: Badriya, mchele wako unaitwa.

Qais kaitoa simu ina punje baina ya vitufe. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Kakaa chini karibu yangu, kasema kwa upole wageni wanne walikuwa wakimpigia kutoka bandarini, sasa wamekwenda na dereva mwengine. Kasema, bibi, zamani dereva alikaa stendi akingoja mtu. Siku hizi stendi imo ndani ya kitu hiki. Ukikizika hiki umenizika mimi.

Nkamwambia neno hilo asilirudie tena ndani ya nyumba yangu. Kashangaa nilivyomkaripia. Kaomba radhi.

Mchele tumeula. Hauna neno.

Jumatano, 9 Juni

Nimewaza siku mbili. Simu haiwezi kuondoka, ndiyo kazi ya mtoto. Basi lazima awepo mtu wa kuichunga. Nani? Mimi. Na nitaichunga vipi, nami nimo jikoni Mkunazini? Kwa simu!

Qais alifurahi kusikia nataka simu. Kanipa yake ya zamani, nene kama mche wa sabuni. Kadhani nimekubali mambo ya kisasa. Masikini.

Bi Mwanapili kaja kunifundisha, kwa maringo. Kila kitufe ananionesha kama kwamba amekizaa yeye. Nkamwambia vyote hivyo sivitaki, nataka kimoja. Basi kaitengeneza: nikibonyeza namba mbili nikashikilia, inakwenda kwa Qais. Pengine pote haiendi. Kasema simu yangu kama punda wa mchukuzi, anajua nyumba moja tu. Nkamwambia yake kama kengele ya mbuzi, inajulisha wapi alipo mbuzi. Tukanywa chai.

Leo nimempigia Qais mara tisa. Kila mara ni hivi. Naam bibi, shikamoo. Marahaba baba, hujambo? Sijambo. Umekula? Nshakula. Hao wageni wako wazima? Wazima, wanakusalimu. Na mimi nawasalimu, wana watoto? Sijui bibi. Waulize. Anawauliza. Wanao wawili. Mashaallah. Ndipo namtia kitanzini: je, unaendesha? Naendesha. Basi kwa nini umepokea simu?

Unajua kanijibu nini? Kasema: si umeniita wewe, bibi? Mkubwa akiita, mtu haitiki?

Hapo kanipata. Ndivyo nilivyomlea. Alipokuwa na miaka minne nilimchapa kandambili kwa kuniambia "nini?" badala ya naam. Nkamwambia vizuri, umejibu kwa adabu, lakini mara nyengine usipokee. Nkasubiri robo saa nkampigia kuona kama kasikia.

Kapokea. Mkaidi!

Alkhamis, 10 Juni

Leo nasema na wewe, maana sina mwengine wa kumwambia.

Siku ile kaka yako Hamed alipotoka na lori, mwaka wa thamanini na nane, alisahau mkate wa kumimina niliomfungia. Nkamwita kutoka dirishani. Hamed! Injini inanguruma, hakusikia. Nkaita tena. Lori likakata kona. Mara ya tatu sikuita. Nkasema basi, akirudi atakula. Kufika Mahonda lilipinduka. Simu wakati ule hakuna, wa kulaumiwa hakuna, ni njia tu na utelezi. Mkate ule niliuweka siku tatu, kila aliyetaka kuutupa nilimfukuza jikoni.

Qais alikuwa na miaka minane. Alikula kwangu, kalala kwangu, kakua kwangu.

Kwa hivyo wakinicheka, Mwanapili na wenziwe, kuwa nampigia mwanamme mwenye ndevu kama mtoto wa maziwa, nawaacha wacheke. Mimi nikisikia naam najua gari imo juu ya magurudumu yake manne.

Yamekwisha hayo. Leo tumekula samaki changu wa kukaanga. Chumvi ilizidi, wala usiniulize kwa nini.

Jumamosi, 12 Juni

Hila ya tatu! Na hii ndiyo yenyewe!

Mwanapili kanifundisha kubip. Unapiga, ikilia mara moja unakata. Hakuna kupokea, hakuna maneno, vocha hailiki. Yeye na mwanawe wa Dubai wana mwaka mzima hawajasikizana sauti, wanabipiana tu, na kila mmoja roho yake imetulia. Kwa nini siku zote hizi hakunambia? Kasema hukuniuliza.

Qais aliporudi nkampa sheria. Mimi nikibip moja, maana yake uko salama? Yeye atabip moja, maana yake naam. Nikibip mbili, punguza mwendo. Nikibip tatu, pita Darajani unichukulie mkate wa boflo.

Kaanza ujuvi. Kauliza, bibi, si nitakuwa naitazama simu kuhesabu? Nkamwambia hesabu kwa masikio. Kasema, na kujibu je, nibonyeze kwa masikio vilevile? Nkamwambia utabonyeza kwa kidole gumba, macho yabaki barabarani. Mola kakupa vidole kumi, usukani unataka vingapi? Kacheka. Kanibusu kichwani. Kasema haya bibi, kama itakutuliza.

Kutwa yote tumebipiana. Moja, moja. Moja, moja. Kama mapigo ya moyo. Nimepika, nimefua, nimesali, kila kitu kwa raha. Mara moja nilibip mbili ili apunguze mwendo, kaniletea boflo. Sheria bado changa.

Jumatatu, 14 Juni

Herufi zimepinda leo. Utasoma hivyo hivyo.

Saa nne asubuhi, kabla hajaondoka, Qais kanipigia: kapakia wageni wawili, anaelekea Jambiani. Saa tano nkabip moja. Kajibu moja. Saa tano na robo nkabip moja. Kimya. Nkabip tena. Kimya. Nkabip tatu, maana boflo hasahau. Kimya! Nkashikilia ile mbili, ikalia mpaka ikachoka. Nkashikilia tena. Na tena. Mchuzi wa nazi unaungua jikoni, nimeuacha uungue. Mara ya sita ikapokelewa.

Sauti ya mwanamke. Nzito, ya watu wa kusini. Kasema: wewe ndiye Bibi? Maana hapa kwenye kioo imeandikwa Bibi, Bibi, Bibi, na mwani wangu unalia hausiti. Nkasema ndiye mimi. Kasema: basi mwanao katia gari ndani ya mwani wangu.

Nkakaa pale pale, juu ya mbuzi ya nazi. Upande usio na meno, alhamdulillahi. Nkamwuliza: anasema? Kasema: anasema! Anaomba radhi tangu saa ile, nshachoka kumsikiliza. Nkamwambia mpe simu. Nkaita: Qais!

Kasema: naam, bibi.

Nililia mpaka vocha ikakatika.

Jioni karudi, kanieleza. Kuingia Jambiani njia ni ya mawe na mchanga, na pana kona. Bip langu la saa tano na robo lilimkuta hapo kwenye kona. Kainamisha macho kutafuta kitufe, kwa muda wa kusema bismillahi. Gari ikaacha njia, ikapanda kwenye mwani ulioanikwa, ikateleza, ikaingia kwenye magunia ikasimama. Simu ikatokea dirishani ikazama kwenye mwani. Wageni wazima. Mke analia na kucheka pamoja, mume anapiga picha. Gari imekunjika pua, iko kwa fundi.

Lakini sikiliza, Rawiya. Kando ya magunia yale palikuwa na mkeka. Mwenye mwani, Bi Makungu, alikaa mkekani tangu alfajiri, anachambua. Kanyanyuka kwenda mtungini kunywa maji. Kata ilikuwa bado imo mkononi gari ilipopita juu ya mkeka.

Kata moja ya maji.

Jumanne, 15 Juni

Tumekwenda kumwomba radhi. Nimechukua visheti na doti ya kanga, ile niliyokuwa nakuwekea wewe. Usinune, hukuja kuichukua.

Bi Makungu ni mtu mrefu, mikono imeliwa na chumvi. Hakutukaribisha. Kasimama mlangoni, kauliza jambo moja tu: nani huyo aliyekuwa akimpigia mtu aliyemo njiani?

Qais kasema haraka: mteja, mama. Hakunitazama. Ananisitiri, mtoto wa Hamed. Nkaiweka sahani ya visheti chini.

Nkasema: si mteja. Ni mimi. Nilikuwa namwuliza kama yu salama.

Bi Makungu kasema: bibi wee, umetaka kuniua kwa mapenzi ya mtu mwengine. Nkamwambia nipe kazi.

Basi tumekaa mkekani, ule ule wenye alama ya tairi, tukatoa mchanga kwenye mwani mpaka alasiri, mimi na Qais na yeye. Nkasema mwani unanuka. Yeye kasema nanuka mimi, na udi wangu wa mjini. Hapo tukaanza kuelewana. Nkamhadithia Hamed. Hakusema pole. Kanisogezea rundo jengine la mwani mbele yangu, na kata ya maji. Nkajua ndiyo pole yenyewe.

Kabla ya kuondoka Qais kala kiapo mbele yetu. Akiendesha, simu itazimwa, itakaa kwenye buti ya gari pamoja na spana. Hata bibi aite mara mia, haitiki. Akisimama, ndipo atapiga yeye. Kanishika mkono, kasema: bibi, kutokuitika kwangu ndiyo adabu yangu kwako. Bi Makungu kasema umesikia? Nkasema nimesikia.

Na nimesikia kweli. Nimekoma. Nimetubu. Nilipofika nyumbani simu yangu nimeizika kwenye mchele kwa mkono wangu mwenyewe, na Bi Mwanapili shahidi.

Alkhamis, 17 Juni

Imekaa kwenye mchele siku moja na kitu.

Asubuhi mchele ukalia. Nkajizuia. Ukalia tena. Labda mtu kafa! Nkatia mkono. Bi Makungu! Qais alimwandikia namba yangu kwa sababu ya mambo ya mwani. Kasema ana mwanawe, Jaku, anaendesha lori la mchanga, na simu haimtoki sikioni. Tangu Jumatatu kila akisikia lori roho inampaa. Jaku kamwachia simu nyengine, lakini kazi yake haijui. Kwa kuwa mimi ni mtu mwenye uzoefu, nimshauri.

Mwenye uzoefu! Mwanapili alikuwapo, kasikia kwa masikio yake.

Nkamfundisha kubip hapo hapo. Moja, uko salama? Mbili, punguza mwendo. Ya tatu kwao boflo hakuna, tumeweka ngisi. Nkamwuliza, na wewe huogopi, baada ya yale? Kasema, Jaku ana macho mazuri, si kama ya mjukuu wako. Neno hilo nimelimeza kwa sababu ya udugu. Mpaka adhuhuri kambip Jaku mara saba, na zote kajibu. Mtoto ana adabu.

Mimi bado nimekoma. Ila Qais, gari imetoka kwa fundi jana, kashika kiapo chake kama kafungwa nacho kamba. Nimempigia mara moja tu, kumpima kama kweli kazima, na ndani ya simu katoka mwanamke ananambia mteja hapatikani. Hapatikani! Neno gani hilo la kumwambia mzee? Nkamwuliza hapatikani vipi, kakwenda wapi? Hajibu. Anarudia lile lile, kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Nimempigia tena ili nimgombeze vizuri. Mara kumi na nne nimemgombeza.

Saa tatu mpaka saa sita, Rawiya, mtoto hapatikani. Nilikaa dirishani. Lile dirisha. Kila gari nyeupe nasimama. Saa sita na dakika nane kapiga. Naam bibi, nimefika, nimesimama, nimezima injini. Nkamwambia sawa, sikuwa hata nakuwaza. Nkameza kidonge cha presha.

Kwa hivyo nimefikiri, na nimepata njia isiyovunja kiapo cha mtu.

Ukija, ukishuka ndege, Qais atakuwa anakungoja na daftari hili mkononi, na gari yake imenyooshwa pua. Usikae nyuma kama mgeni. Kaa mbele, ubavuni kwake. Yeye ndiye aliyeapa, wewe hukuapa. Itoe simu yake kwenye buti, iwashe, ishike wewe. Nikipiga upokee upesi, uniambie mmefika wapi. Halafu mwekee sikioni, dakika moja tu, nimsikie mwenyewe kasema naam.